Baba Hajulikani: Maisha ya Mtakatifu Martin de Porres



Tarehe 3 Novemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Martin de Porres. Wengi wetu tunamjua kwa picha yake: bruda mweusi, vazi jeupe na jeusi la Wadominikani, ufagio mkononi, na chini miguuni mbwa, paka na panya wanakula pamoja bila ugomvi. Ni picha nzuri, watoto wanaipenda. Lakini leo sitaanzia kwenye ufagio. Nataka tufungue kwanza kitabu cha ubatizo.

Siku ya Jumatano, tarehe 9 Desemba 1579, katika kanisa la Mtakatifu Sebastian mjini Lima, nchi ya Peru, padre alimbatiza mtoto mchanga akaandika mistari michache. Jina la mtoto ni Martin. Baba hajulikani. Mama ni Ana Velázquez, na pembeni ya jina lake likawekwa neno moja la Kihispania, horra, maana yake mwanamke aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Yakafuata majina ya wasimamizi wawili, padre akaweka sahihi. Basi, hakuna zaidi.

Hilo neno horra Wahispania walilitoa kwa Waarabu, kwenye neno lilelile ambalo sisi watu wa pwani tulilifanya huru. Kwa hiyo Mswahili akipelekwa leo mbele ya ukurasa ule wa Lima, kuna neno moja angeweza kulitambua kwa mbali. Na kwetu Watanzania tarehe yenyewe, 9 Desemba, haihitaji maelezo.

Mimi naishi Kilwa Masoko, na hapa habari za watumwa si za kwenye vitabu tu. Ukienda Kivinje unatembea katika mji ambao karne ya 19 ulikuwa mlango mkubwa wa kusafirishia watumwa waliotoka bara, upande wa Ziwa Nyasa, kwenda Unguja. Kabla ya hapo, mwaka 1776, sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa mmoja, Morice, ampatie watumwa 1,000 kila mwaka. Sisemi kwamba ukoo wa Ana ulitoka huku kwetu. Waafrika waliopelekwa Amerika enzi zake walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na Angola. Ninachosema ni kwamba mwanamke wa aina yake tunamfahamu. Ameachwa huru, hana mali, hana ukoo wa kumsemea, na mwanamume mwenye cheo akimtaka, nani atamuuliza yule mwanamume nia yake?

Baba wa Martin alijulikana. Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza la kulishika. Aliitwa Juan de Porres, Mhispania wa tabaka la juu. Hakumwoa Ana. Kama miaka miwili baadaye wakapata mtoto wa pili, binti, akaitwa Juana. Lima ya wakati ule haikuwa mji mkubwa, ulikuwa na miaka arobaini na kitu tu tangu Wahispania waujenge, na watu walijuana. Hivyo neno lile la kitabuni halikuwa taarifa kwamba baba hafahamiki. Lilikuwa ni namna ya heshima ya kumfunika. Jina la mama likaandikwa waziwazi pamoja na utumwa wake wa zamani. La baba likaachwa lipumzike.

Inasimuliwa kwamba watoto walipotoka na rangi ya mama yao, Juan hakupendezwa, akajitenga. Ana akabaki na watoto wawili na umaskini. Wengine husimulia kwamba alikuwa akifua nguo za watu. Martin akawa mtoto wa kutumwa sokoni, na hapo ndipo vinapoanza visa vyake maarufu: anapewa hela ya kununua chakula, njiani anakutana na maskini, anagawa, anarudi nyumbani na kikapu kitupu. Mama yake alimchapa. Waandishi wengi wa maisha ya watakatifu wanapita hapo haraka, kana kwamba Ana alikuwa mama mkali asiyejua anamlea nani. Mimi namtetea. Mpe mtoto wako hela ya mwisho ya unga, halafu arudi mikono mitupu akiwa anatabasamu, uone. Mwanamke yule alilea peke yake, na aliyempeleka mtoto kubatizwa, akakubali jina lake liandikwe bila la mume, ni yeye. Kama asingekwenda siku ile kwa kuona aibu, sijui leo tungekuwa tunasoma nini.

Martin alipokuwa na miaka kama minane, baba alirudi. Akawachukua watoto wote wawili hadi Guayaquil, ambayo leo iko Ecuador, kwa ndugu zake. Akawatambua mbele ya watu kuwa ni wake, akawatafutia mwalimu, wakajifunza kusoma na kuandika. Fikiria mtoto aliyeandikwa hana baba, ghafla ana baba, ana nyumba kubwa, ana babu na mashangazi wa upande ule! Haikudumu. Miaka michache baadaye Juan alipewa cheo cha ugavana huko Panama. Juana aliachwa Guayaquil kwa ndugu wa baba. Martin akarudishwa Lima kwa mama yake. Alipata masomo kidogo na fedha ya kujifunzia kazi, na jina la Porres ambalo kitabu cha ubatizo kilikuwa hakina. Lakini baba mwenyewe aliondoka tena.

Hapo mimi huwa nasimama kila nikisoma habari zake, na nitasema kwa nini. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, kijiji kimoja upande wa Nyangao. Bibi nilimwita mama. Binti yake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam nilimwita dada. Dada alikuja Krismasi na nguo mpya, alinisuka, na alinifokea kwa mambo madogo kuliko mtu mwingine yeyote pale nyumbani, jambo ambalo sikulielewa. Nikiwa kidato cha pili tulitakiwa kuhakikiwa ubatizo kwa ajili ya Kipaimara. Katekista akafungua kitabu, akashuka na kidole mpaka kwenye jina langu, akanitazama, akakifunga. Akasema bibi aje. Jioni ile bibi alipepeta mchele ule ule kwa muda mrefu kweli, ndipo akaniambia. Sehemu ya mama palikuwa na jina la dada. Sehemu ya baba palikuwa na mstari.

Nimeandika haya kwa idhini ya mama, tumeyazungumza. Hakuna aliyenificha kwa ubaya. Alipopata mimba alikuwa na miaka 17 na alikuwa akiimba kwaya. Aliondolewa kwaya tumbo lilipoanza kuonekana. Aliyempa mimba aliendelea kupiga ngoma kwenye kwaya ileile, akapata Komunyo kila Jumapili, na baadaye akafunga ndoa nzuri tu na msichana mwingine. Watu wote walijua. Mama akapelekwa Dar, mimi nikawa mtoto wa bibi, na jambo likafungwa hivyo. Kilichoniuma baadaye si yule baba. Ni kwamba mama yangu alikuwa anakuja kwao kama mgeni na kuondoka kama mgeni, miaka kumi na minne, ili mimi nisiitwe majina na yeye asinyooshewe kidole. Hadi leo nikishtuka namwita dada.

Turudi kwa Martin. Alipofika miaka kama 12 aliwekwa kwa kinyozi. Usifikirie saluni za sasa. Kinyozi wa wakati ule alikuwa ananyoa, anang'oa meno, anatumbua majipu, anafunga vidonda na kutengeneza dawa za mitishamba. Ilikuwa kazi yenye kipato. Angeweza kukaa nayo, akaoa, akapangisha chumba cha mbele akatundika kibao. Mama mwenye nyumba alimopanga alishangaa mishumaa yake inakwisha haraka, akachungulia usiku, akamkuta amepiga magoti mbele ya Msalaba.

Akiwa na miaka 15, mwaka 1594, aligonga mlango wa konventi ya Wadominikani ya Rozari Takatifu. Hakuomba kuwa padre. Hakuomba hata kuwa bruda. Aliomba kupokelewa kama donado, yaani mtumishi anayejitoa kwa nyumba, anavaa sehemu ya vazi la shirika na kufanya kazi za chini bila nadhiri kamili. Unyenyekevu ndiyo, lakini tuseme ukweli wote: kanuni za wakati ule hazikumruhusu mtu mwenye damu ya Kiafrika au ya wenyeji wa asili wa Amerika kuwa mtawa kamili. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, akaingia kwa ule uliokuwa wazi.

Na hapa baba anatokea tena. Inasimuliwa kwamba Juan de Porres alichukizwa kusikia mwanawe ni mtumishi wa kufagia, akataka wakubwa wa konventi wampandishe awe walau bruda. Martin akakataa, akaomba aachwe alipo. Nimejiuliza mara nyingi lile chukizo lilikuwa la nini. Mwanamume ambaye jina lake halikuandikwa siku ya ubatizo anaona aibu kwamba jina hilohilo limeshika ufagio. Aibu za wakubwa zina mambo!

Ndani ya konventi hakukuwa salama. Kuna mtawa mgonjwa aliyemtukana kwa rangi yake na kwa jinsi alivyozaliwa, akimfananisha na mbwa, wakati Martin yuko pale pale anamhudumia. Martin hakujitetea, hakuondoka, alimaliza kumhudumia na kesho yake akarudi. Zamani nilikisikia kisa hiki kama somo la kuvumilia tu. Siku hizi nakisikia tofauti kidogo. Mtu aliyetukanwa kwa kitu ambacho kilikuwa siri ya nyumbani kwao hukimbia, hujificha au hulipiza. Yeye hakuwa na siri ya kulinda. Hakuwahi kujifanya mtoto wa nyumba nyingine. Matusi yakawa yanampiga mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuvunja.

Baada ya miaka tisa, mwaka 1603, wakuu wake walimruhusu kufunga nadhiri, pamoja na kanuni ile. Akawekwa kwenye chumba cha wagonjwa, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya karibu maisha yake yote: kunyoa, kufunga vidonda, kupika supu, kufua mashuka yenye damu, kulisha maskini mlangoni. Sitakaa sana kwenye miujiza. Mtaisoma kwingine, ipo mingi. Nataka mwangalie ni watu wa aina gani aliowaendea.

Aliokota wagonjwa barabarani akawaleta ndani ya konventi mpaka watawa wakalalamika, maana tauni ilikuwa inatembea. Mkuu akampiga marufuku. Siku moja akamkuta mwenyeji wa asili amechomwa kisu, damu inamtoka. Akamwingiza chumbani kwake. Alipokemewa, akajibu kwa upole kwamba aliomba msamaha lakini alidhani amri ya upendo iko juu ya amri ya utii. Mkuu akamwachia. Na unajua wagonjwa wengine aliwapeleka wapi baada ya lile katazo? Kwa Juana. Dada yake yule wa Guayaquil alikuwa amekwisha kurudi, ameolewa, ana nyumba mjini Lima. Wale watoto wawili, ambao mji mzima ulijua walivyozaliwa, wakageuza sebule ya mmoja wao kuwa wodi.

Kuna visa vingine viwili vya nyumba ya Juana. Kimoja, Juana na mumewe waligombana vikali, na Martin akatokea na chakula, akakaa nao, akasuluhisha mpaka wakala pamoja. Kingine, mpwa wake, binti wa Juana, alikuwa anataka kuolewa na mahari haipo. Kwa desturi ya Wahispania mahari ilitoka upande wa binti, na binti asiye nayo alikuwa hatarini kubaki bila ndoa au kuishia mikononi mwa mtu kama Juan. Martin akazunguka kwa matajiri akaipata ndani ya siku chache. Hakufanya hivyo kwa mpwa wake peke yake. Aliwatafutia mahari mabinti wengine maskini wa Lima. Pia alihangaikia watoto waliotupwa, akawahimiza wenye fedha hadi kikapatikana kituo cha kuwalea na kuwasomesha, kilichoitwa Msalaba Mtakatifu.

Sasa unganisha mwenyewe: mtoto wa mwanamke aliyeachwa anatumia muda wake wa utawa kuwatafutia mabinti maskini ndoa halali, na watoto wasiotakiwa nyumba. Huyu mtu hakusema kwamba ndoa haina maana kwa kuwa mama yake hakuipata. Aliiheshimu sana, akaitafutia fedha. Na hakuna mahali anaposimuliwa kumlaumu Ana. Yote mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja. Sisi kwenye parokia zetu huwa tunadhani tukimhurumia binti tutakuwa tumedharau sakramenti, kwa hiyo tunachagua kumwadhibu, na hata hiyo adhabu tunampa yeye peke yake.

Kisa ambacho watu wa Kilwa wangekielewa kuliko wote ni hiki. Konventi iliingia kwenye madeni, mkuu akaenda mjini kuuza vitu vya thamani. Martin akamkimbilia, akamwomba auzwe yeye badala ya vitu, kwa sababu yeye ni chotara maskini na mali ya nyumba. Mtoto wa horra anajitoa kurudi kule alikotolewa mama yake! Mkuu akakataa, akamrudisha nyumbani.

Alifariki tarehe 3 Novemba 1639, karibu na kutimiza miaka 60. Mwakilishi wa mfalme wa Hispania alikuja kumbusu mkono kitandani, na watu wa mji wakakata vipande vya vazi lake mpaka ikabidi abadilishwe nguo. Papa Gregori XVI alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1837. Papa Yohane XXIII alimtangaza Mtakatifu tarehe 6 Mei 1962, miezi mitano tu baada ya Tanganyika kupata Uhuru.

Hapa kuna jambo ambalo lilinishtua nilipolijua. Mwaka ule wa 1962 sheria ya Kanisa iliyokuwa ikitumika ni ile ya 1917, na kwa sheria hiyo mvulana aliyezaliwa nje ya ndoa hakuruhusiwa kuingia seminari wala kupewa daraja la upadre mpaka apewe ruhusa maalumu. Yaani siku Roma inamweka Martin altareni, kijana mwenye ukurasa wa ubatizo kama wake alikuwa bado anahesabiwa ana kasoro. Kizuizi hicho kiliondolewa katika sheria mpya ya mwaka 1983. Hakipo tena. Nawaambia kwa sababu bado nasikia vijana wakiambiwa mtaani kwamba mtoto wa nje hawezi kuwa padre au sista.

Na kuhusu ubatizo, maana maswali haya yanakuja sana. Kanuni ya 868 inataka walau mzazi mmoja akubali, na kuwe na tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani. Haisemi wazazi wawe wamefunga ndoa. Kanuni ya 877 inaeleza kuandika: mama asiye na mume jina lake linaandikwa kama umama wake unajulikana wazi, au akiomba mwenyewe kwa maandishi ama mbele ya mashahidi wawili. La baba linaandikwa kama kuna hati ya serikali inayothibitisha, au akija mwenyewe akakiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Soma hiyo ya mwisho tena, hasa ninyi kaka zangu. Kukiri inawezekana, hata kama ndoa haikuwezekana, na inachukua dakika chache ofisini. Mwaka 2012, akiwa bado Kardinali wa Buenos Aires, Papa Fransisko aliwakemea waziwazi mapadre waliokuwa wakikataa kubatiza watoto wa akina mama wasioolewa, akiona ni unafiki kumfanya mama aliyekubali kuzaa azunguke parokia baada ya parokia.

Kwetu Lindi tuna jambo jingine la kufikiria. Wamwera, Wamakonde na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Kwa mila hiyo mimi sikukosa ukoo hata siku moja. Mjomba ndiye aliyenilipia ada bila kuuliza. Kwa hiyo mtu akiniambia aibu ya binti aliyezalia nyumbani ni mila zetu za asili, namwomba atafute vizuri ilipotoka. Sisemi mila ilikuwa na kila jibu. Unyago tu una maneno mengi ya kujadili. Lakini mtoto kukosa pa kukaa kwa sababu baba hajatajwa, hiyo bibi wa bibi yangu asingeielewa.

Kanisa likiwa na Wakatoliki wachache kama hapa pwani, tunajuana wote, na hilo ndilo hufanya siri ziwe nzito. Binti akipotea jumuiyani miezi sita kila mtu anajua sababu, na hakuna anayekwenda kumtazama. Wapo wanaokwenda kutoa mimba wakiogopa siku ya kusimamishwa kwaya kuliko kitu kingine chochote. Tunahubiri uhai, ni sawa, lakini msichana anahesabu kwanza macho atakayokutana nayo mlangoni mwa kanisa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatiza shule kwa sababu ya ujauzito warudi darasani. Itakuwa ajabu shule ikimpokea, na kwaya isimpokee.

Kuhusu mwisho wa Ana Velázquez, visa vya mtakatifu havimfuati. Mtoto anaingia konventi, na mama anaachwa nje ya masimulizi. Nimemwekea nia yake kwenye novena ya mwaka huu, inayoanza tarehe 25 Oktoba hadi 2 Novemba. Viwawa wa hapa tumekubaliana kila siku kumtaja kimoyomoyo mama mmoja tunayemfahamu ambaye alilea peke yake, na siku ya mwisho kila mmoja aende kumsalimia nyumbani kwake, na asiende mikono mitupu, hata sukari robo. Mwenye kupenda kuungana nasi kokote aliko, karibu.

Mtakatifu Martin de Porres, mwana wa Ana, utuombee.